Daftari Halikuingia Ndani ya Valizi

Vijana wa parokia, nimezisoma kurasa zenu. Kumi na moja, historia za wazee wa kartie yetu ya Kasenga mnaotaka kuwaweka kitabuni. Nawajibu kwa maandishi kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, na daktari amenikataza kelele.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu, mchapakazi, mwenye upendo, asiyebagua." Maneno haya yako katika kurasa zote kumi na moja. Fundi cherehani alikuwa mtu wa watu. Katekista alikuwa mtu wa watu. Hata yule mzee wa kona, ambaye mimi mwenyewe nilimwona akiwafukuza watoto kwa mawe kwa sababu wamekanyaga mboga zake za lengalenga, naye mmemfanya mtu wa watu. Toeni jina lake, mweke la mbuzi wangu. Hakuna neno litakaloharibika. Mbuzi wangu naye habagui.

Wawili wenu mmeniambia bila haya kwamba telefone ndiyo iliyoandika. Nililiona hilo kabla hamjasema. Telefone imeandika kwamba mama muuza ndagala "alikabiliana na changamoto nyingi". Zipi? Mvua iliyonyeshea ndagala wake juu ya mchanga? Watu wa duane, wale wa ushuru? Mume? Semeni! Mama yule aliuza samaki soko la Kalundu miaka yote ile, na ninyi mmeshindwa kumwandikia hata harufu.

Mimi niliingia biro ya parokia nikiwa msichana anayejua kupiga masini ya kuandikia, basi, sikujua kingine. Abe, padri wa wakati ule, alikuwa amechoka na vilio, yaani misiba, ambako kila ndugu anasimama kusema lake na jeneza linangoja juani. Akaamua kwamba kila marehemu atakuwa na karatasi moja, isomwe mara moja, tukazike. Nani ataiandika? Mimi Feza, kwa sababu masini iko mbele yangu. Msidhani niliitwa na kipawa.

Historia yangu ya tatu au ya nne ilikuwa ya mvuvi mmoja wa Kalundu. Nilimuuliza mjane, mjane akanijibu, nikapiga masini. Siku ya maziko nikasoma kwa sauti nzuri: "Ameacha mke na watoto saba." Kijana mmoja akasimama upande wa pili wa jeneza. Shati jeupe, na pua ileile ya marehemu.

"Na mimi? Minye niko nani?" akauliza.

Mjane aliangalia chini. Nami nilikuwa nimeshika karatasi mbele ya watu mia, naitazama kana kwamba jina lake lingejitokeza lenyewe. Kijana alingoja, akaondoka kabla ya kaburi. Alikuja kumzika baba yake, na mimi nilimfukuza kwa herufi za masini.

Mwalimu Bukuru aliposikia habari ile alicheka mpaka akakohoa, kisha akakasirika. Huyu alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mtu wa kartie ya Songo, aliyekuja bironi mwetu kunakili vitabu vya ubatizo kwa ajili ya utafiti wake usiokwisha. Alinikasirikia miaka sita mfululizo, na hiyo ndiyo shule niliyosoma.

"Weye ulimuuliza nani?" akaniuliza.

"Mjane, Mwalimu."

"Na nani tena?"

"Basi."

"Basi! Muntu moja anakupatia hadisi. Ukienda kwa adui yake, kwa jirani yake, kwa mutu alifanyaka naye kazi, njo unapata historia."

Alinikataza kutoa kaye ya kuandikia na biki mbele ya mzee. Alisema mtu akiona biki anaanza kuongea kama yuko mbele ya shefu wa kartie. Kaa, chambua maharage naye, ukitoka andika haraka kabla hujasalimiana na mtu mwingine. Alinikataza pia kuuliza mwaka. Ukimuuliza mama wa uwanda wa Ruzizi "ilikuwa mwaka gani", atakupa mwaka wowote ili akufurahishe. Muulize, "Ulikuwa na mutoto gani mugongoni?" Atakutajia mara moja, na wewe utakwenda kufungua kitabu cha ubatizo, mwaka utaukuta umekaa pale unakungoja. Na jambo la mwisho: wakikusimulia kitu, omba ukishike. Kama ni shoka, shika shoka.

Nimewaambia haya mara ngapi katika kile kikao chetu cha Jumamosi? Mlikuwa mnaandika? Mlikuwa mnapiga foto!

Lakini nisijifanye mtakatifu. Mimi niliyafundisha haya kwa watu, na mimi mwenyewe niliyakanyaga, tena uzeeni, Mwalimu Bukuru akiwa amekwisha zikwa. Sikilizeni basi.

Alikufa Direkta Anzuruni, aliyeongoza shule ya msingi iliyo nyuma ya kanisa kwa miaka mingi. Mtu mrefu, funguo kiunoni, hasemi mara mbili. Mji mzima ulijua sifa yake kubwa. Vita vilipoingia na watu wa Uvira tukakimbilia Burundi, shule ile iliporwa. Madawati yakawa kuni, mabati yakaenda. Lakini madaftari makubwa ya matokeo, yale tunayoyaita palmaresi, yalipona. Na kwa kuwa yalipona, watu wengi waliokimbia mikono mitupu waliweza kurudishiwa sertifika zao za kumaliza shule, wakaendelea na shule, wakapata kazi. Ilisemwa kwamba Direkta aliyavusha mpaka wa Kavimvira ndani ya valizi yake, sanduku la safari la ngozi.

Mwana wake wa kwanza, Deo, alishuka kutoka Bukavu na habari hiyo imekwisha pangwa, ameiandika vizuri kwa kompyuta. Wiki ile nilikuwa na vilio vitatu. Nilichoka. Niliichukua kama alivyonipa, nikaongeza na pambo langu: "Aliyabeba majina ya watoto wetu kama mama abebavyo mwana." Leo nikiikumbuka sentensi hiyo, masikio yananiwaka.

Niliisoma, watu wakalia. Wazee wa kamati ya shule wakasimama palepale wakatangaza kwamba siku ya kumaliza matanga, shule itapewa jina la Direkta Anzuruni.

Tulipotoka makaburini, tukiwa tunanawa mikono, bibi mmoja akanigusa kiwiko. Nilimfahamu kwa sura: Mama Jeneroza, aliyekuwa akifagia shule ile na kugonga kengele zamani. Ni Mrundi wa uwandani, mkulima, Kiswahili chake anakitafuta kwanza kabla ya kukisema.

"Mama Feza, unaandika muzuri," akasema. "Lakini ile valizi, uliiona?"

"Hapana, sikuiona."

"Ah," akasema. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaenda zake.

Hakusema kingine! Nami nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Siku tatu nilikuwa nagombana naye peke yangu jikoni. Kwa nini asiseme lake wazi? Yeye nani wa kunihoji? Siku ya nne nikachoka kugombana na mtu asiyekuwepo, nikaenda kwa mjane.

Mama Marsiana, mjane wa Direkta, hakuniuliza ninaitafutia nini. Aliinama, akaivuta valizi kutoka chini ya kitanda. Ngozi ya kahawia, kifungo kimoja kimevunjika. Nilipakata ile valizi kwenye pikipiki mpaka shuleni, nikamwomba direkta wa sasa anifungulie kabati. Akatoa palmaresi mbili. Vijana, hamjayaona madaftari yale ya zamani. Ni marefu kuliko mkono kutoka kiwiko mpaka kidole, na unene wa tofali.

Tukajaribu kuliingiza moja. Halikuingia. Tukalilaza upande, tukalisimamisha, tukalipindisha kidogo kwa heshima ya marehemu. Halikuingia.

"Pengine ilikuwa valizi ingine, Mama," akasema direkta wa sasa, mtu wa tumaini sana.

"Au pengine daftari lilikuwa dogo, likakomaa," nikamjibu.

Nikalifungua. Kurasa zilikuwa na madoa ya mafuta, ya manjano. Na kwenye ukurasa wa darasa la nne, katikati ya majina, alikuwepo ndagala mmoja mzima, amekauka, amebanwa akawa bapa kama jani. Direkta wa sasa alitaka kumtoa kwa kucha. Nilimpiga mkono.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka upande wa Kiliba. Mama Jeneroza alikuwa uani anamenya muhogo. Aliniona, akasogeza kigoda kingine na kisu cha pili kama mtu aliyekuwa akingoja wageni. Nikamenya. Tulimenya nusu ya kapu kabla sijafungua mdomo.

"Siku ya kukimbia, ulikuwa na mutoto gani mugongoni?"

"Espera. Alikuwa hajatembea."

Kisha akanipa yote, taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye muhogo. Asubuhi ile Direkta alimkabidhi funguo, akamwambia afunge. Direkta alikuwa na watoto wadogo wanne na mke mwenye mimba, aliondoka nao. "Simulaumu," akasema. "Minye pia ningekimbia." Jeneroza alipobaki pale, watu wenye bunduki walikuja wakaanza kuvunja madawati kwa ajili ya moto. Akaona karatasi ndizo zitakazofuata. Akayachukua madaftari, akayaweka chini ndani ya kapu, akamwaga ndagala juu. Mpakani waliingiza mkono katika kapu, wakanusa mkono wao, wakamwambia, "Pita!" Kambini Burundi aliyakalia mchana na kuyalalia usiku.

"Lakini, mama," nikamuuliza, "weye hujui kusoma. Juu ya nini ubebe mzigo kama ule, na mtoto mugongoni?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye nisiyejua kusoma.

"Reka, mwana wanje, acha, mwanangu. Kila mwaka watoto walikuwa wanakuja kwangu pa kengele. Banauliza: Mama, jina langu iko mu kitabu? Minye naenda kwa Direkta, nauliza, narudi, nawaambia: iko. Mwaka wote ule, kila mutoto: iko, iko. Nitaacha aje kuniuliza tena na minye niseme haiko?"

Aliporudi alimkabidhi Direkta madaftari mikononi. Direkta alilia. Kisha enspekta akaja, akampongeza Direkta mbele ya walimu, na Jeneroza alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. "Alifungua mudomo," akasema. "Niliona. Kiisha akafunga. Tangu siku ile alinisalimiaka kila asubuhi, lakini hakuniangalia macho."

Nilirudi kwa mjane na moyo mzito, nikifikiri namletea msiba wa pili. Nilianza kuzunguka maneno. Mama Marsiana akanikata.

"Najua. Alinambia hapa, mu kitanda hii, kabla ya kufa. Alisema: museme kuhusu Jeneroza. Minye nikanyamaza juu ya watoto. Bamekomaa na ile hadisi."

"Na valizi, ilibeba nini?"

Akainuka, akatoa bahasha. Foto yao ya ndoa. Foto za watoto. Kofia mbili za sufu za mtoto mchanga. "Ilibeba hizi," akasema. "Alibeba sisi. Mutoto moja kwa bega, mwingine kwa mukono, minye na mimba yangu nilishika shati yake nyuma. Mbona bantu banaona haitoshi?"

Hapo, vijana, ndipo nilipoanza kumjua Direkta Anzuruni. Miaka arobaini nilimwona akipita na funguo zake, nisimjue. Mtu aliyeogopa, aliyebeba kofia za mtoto, aliyefungua mdomo mbele ya enspekta akaufunga, na ambaye aibu ilimtafuna mpaka kitandani. Ninyi mngemwandika "mwenye upendo". Upendo ule ulikuwa na uzito wa watoto wanne!

Niliandika upya. Deo alipopata habari alinipigia telefone kutoka Bukavu.

"Mama Feza, unataka kuaibisha baba yetu?"

"Nataka kumwandika."

"Historia ya baba ni ya familia."

"Basi muisome chumbani. Mkinileta mbele ya watu, nitasoma ile iliyotokea."

"Nitatafuta mutu mwingine aandike."

"Mtafute. Wako wengi, na siku hizi wana telefone."

Nilikata telefone. Sikuwa jasiri kama ninavyosikika hapa. Watu wale walinijua, walisali nami, na kamati ilikuwa imekwisha agiza kibao cha jina la shule. Kwa siku mbili nilifikiri kusema naumwa. Aliyemaliza maneno ni mjane. Deo aliposhuka kwa ajili ya kumaliza matanga, alimwambia mbele yangu, bila kuinua sauti: "Direkta ni baba yako, lakini ni mume wangu. Mama Feza atasoma." Deo akatoka nje, akasimama karibu na maturubai, ameweka mikono mfukoni.

Nilisoma. Kofia za sufu, ndagala, mdomo uliofunguka ukafungwa. Hakuna aliyelia safari hii. Watu waliangaliana tu. Mama Jeneroza alikuwa ameketi mkekani mbele, amevaa kitenge alichoazima, maana kilimzidi urefu. Wazee wa kamati walitazama miguu yao. Jina la shule halikutajwa, na mpaka leo shule ina jina lake la zamani.

Nilikuwa nakunja karatasi yangu, nashukuru Mungu yameisha, nilipomwona Mama Jeneroza ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Mama Feza. Umesoma daftari mbili. Zilikuwa tatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kapu zima la muhogo tulimenya! "Mama, juu ya nini hukunambia?"

"Hukuniuliza."

Akasimama kwa shida, akawageukia watu. Alisema kambini mvua ilinyesha siku nyingi, kuni hakuna, na Espera ana homa, hawezi kumeza ila uji. Alichukua daftari la tatu akang'oa kurasa, moja moja, akaziweka chini ya sufuria. Siku tatu alifanya hivyo mpaka daftari likaisha. "Sijui nilichoma majina gani," akasema. "Kila ukurasa niliuangalia kwanza. Sikujua kusoma, nikauchoma. Andika na ile."

Miaka yote tuliambiwa kwamba matokeo ya miaka ambayo daftari lake halikuonekana yaliliwa na mchwa. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma, fundi mwashi mwenye mvi, akaja mbele akipita katikati ya viti. Watu wakaanza kunong'ona. Wanaume wawili wakasimama, tayari kumshika.

"Minye njo wa miaka ile," akamwambia Mama Jeneroza. "Nilienda biro ya enspeksio mara na mara. Nilitakaka kuwa mwalimu. Banasema: jina haiko."

Mama Jeneroza hakusogea. Alimwangalia machoni.

Fundi akauliza, "Na mutoto?"

"Ule," akasema Mama Jeneroza, akaonyesha kwa kidevu.

Tukageuka sote. Upande wa masufuria alisimama mwanamke mzima, upawa mkononi, ameacha kupakua. Hakuwahi kusikia habari ile. Fundi akamtazama muda mrefu, kuanzia kilemba mpaka viatu, jinsi anavyopima ukuta uliokwisha kujengwa.

"Basi andika, Mama Feza," akasema. "Andika, tukule."

Karatasi nilikuwa nimeigeuza tayari. Deo alikuja kutoka kwenye maturubai, akainama mbele yangu bila neno, akanipa mgongo wake niutumie kama meza. Niliandika kwa biki, mistari ikipanda na kushuka kwa pumzi yake. Mama Jeneroza alinitaka niisome mara tatu mbele ya watu wenye njaa, maana hakuniamini. Mara ya tatu ndipo alipokaa: "Daftari la tatu lilipika uji wa Espera binti Jeneroza, naye aliishi. Majina ya waliokuwamo hatuyajui, isipokuwa moja." Hapo nikamwuliza fundi jina lake, akalitaja lote, la baba na la babu, nikaliandika.